Shuka la Kaburi la Waris Shah

Kaburi la walii aghalabu hufunikwa shuka. Mwenye nadhiri hulileta, hulitandika kwa mikono miwili, husoma dua yake na kuondoka. Msomaji wa pwani aliyewahi kufanya ziara kwenye makaburi ya masharifu haelezwi zaidi ya hapo: ni kitambaa, lakini si kitambaa tu. Kikishalala juu ya kaburi, kinakuwa kitu cha kupewa mtu unayemthamini kweli.

Mashuka ya namna hiyo yalivuka mpaka wa Pakistan na India, yakapelekwa kwa bibi mmoja wa Kisikh, mtaa wa Hauz Khas, Delhi. Jina lake Amrita Pritam. Waliompelekea walikuwa washairi wenzake wa Kipunjabi wa upande wa Pakistan, Waislamu, nao waliyatoa kwenye makaburi ya washairi wa kisufi: Waris Shah, Bulleh Shah na Sultan Bahu. Amrita alikuwa amekwisha kupewa nishani kubwa za India. Lakini alipotunukiwa na akademia ya Kipunjabi ya Pakistan, uzeeni, alisema kwamba hatimaye kwao wamemkumbuka. Neno alilotumia ni lile ambalo mwanamke wa Kipunjabi aliyeolewa hulitumia kwa nyumba ya baba na mama yake, kule anakokwenda kujifungua, kule anakorudi akiudhiwa.

Nchi mbili hizi zimepigana vita mwaka 1947, 1965, 1971 na 1999. Zote mbili zina bomu la nyuklia. Mazungumzo yao rasmi yameanza na kuvunjika mara nyingi kiasi kwamba hata wanaoyafuatilia kwa kazi yao hupoteza hesabu. Katikati ya hayo yote palikuwa na wanawake waliojuana kwa majina, wakaandikiana barua, wakachapishana, wakahifadhiana, wakaliliana. Ninataka kuuandika uhusiano wao kwa uzito wake. Kuuita urafiki mzuri wa wasanii na kuuacha hapo ni kuupunja.

Amrita alizaliwa mwaka 1919 katika Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Mama yake alifariki Amrita akiwa na miaka 11. Alikulia Lahore na baba yake, na mwaka 1936, akiwa bado kigori, akatoa diwani yake ya kwanza. Alifanya kazi redioni Lahore. Angeweza kuishi na kufa katika mji huo bila kujiuliza yeye ni raia wa wapi.

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, waliigawa Punjab sehemu mbili. Mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya hapo, alipewa wiki tano kuchora mpaka, na mchoro wake ukatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya sherehe za uhuru. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama. Waliouawa, makadirio ya kawaida yanafikia milioni 1. Wanawake waliotekwa, wakabakwa, wakaozwa kwa nguvu, wanakadiriwa kuwa 75,000. Vijijini palikuwa na wazazi waliowaua binti zao kwa mikono yao ili wasitekwe, na visima vilivyojaa miili ya wanawake waliojitosa.

Amrita, akiwa na miaka 28, alihama Lahore na kukimbilia Dehradun. Ndani ya treni, usiku, akisafiri kati ya mji huo na Delhi alikokuwa akitafuta kazi na pa kuishi, alichukua karatasi akaandika shairi.

Shairi lile lina hila moja kubwa, na nguvu yake yote iko hapo. Halimwombi Mungu, halimlaumu mwanasiasa, halimtaji adui. Linamwita Waris Shah. Huyu ndiye aliyetunga mwaka 1766 kisa cha Hir, binti wa Kipunjabi aliyempenda Ranjha akanyimwa, akaishia kupewa sumu na ami yake. Kila Mpunjabi anakijua kisa hicho, awe Msikh, Mhindu au Mwislamu. Hukisikia kikiimbwa kabla hajajua kusoma. Amrita anamwambia malenga huyo ainuke kaburini: zamani alilia binti mmoja wa Punjab, nawe ukamwandikia kitabu kizima, leo wanalia mabinti kwa malaki, mbona kimya?

Tazama alichokifanya. Waris Shah alikuwa Mwislamu na kaburi lake liko Jandiala Sher Khan, ambako usiku ule kulikuwa kumekwisha kuwa nchi nyingine, nchi ya watu waliosemwa kuwa ndio maadui. Mwanamke mkimbizi wa Kisikh anaandika akiwa ndani ya India, lakini shitaka lake analipeleka ng'ambo, kwa mzee wa pande zote mbili. Hakutoa hotuba kwamba sisi ni wamoja. Alitenda kama mtu ambaye hajapata habari kwamba mpaka umechorwa.

Alilipia. Katika tawasifu yake ameeleza jinsi Wasikh wenzake walivyomlaumu kwa kumlilia Mwislamu badala ya Guru Nanak, na wakomunisti nao wakamlaumu kwa kutomwita Lenin. Ila shairi lilikwisha kuondoka mikononi mwao. Mwaka 1959 lilisikika kwenye filamu ya Kipunjabi iliyotengenezwa Pakistan, Kartar Singh, na watazamaji wa Lahore wakamsikia binti yao aliyeondoka.

Ili kuelewa kwa nini maneno ya mwanamke yaliingia pale ambapo maneno ya serikali hayakuingia, ni lazima kukumbuka serikali zilikuwa zinafanya nini wakati huohuo kuhusu wanawake. Zilikuwa na mapatano. Desemba 1947 India na Pakistan zilikubaliana kuwatafuta wanawake waliotekwa na kuwarejesha, kila mmoja kwenye nchi ya dini yake; mwaka 1949 India ikatunga sheria ya kazi hiyo. Kwa maelfu ya wanawake ulikuwa uokozi wa kweli, na wako wanawake wa pande zote mbili waliojitolea miaka kuufanya. Lakini mwanamke hakuulizwa. Aliyekuwa amezaa, aliyekuwa amepata mume anayemtunza, aliyejua kwamba baba yake hatamfungulia mlango, wote walihesabiwa na kurudishwa kama mali iliyoibwa. Zilikuwa nchi mbili ambazo hazikuweza kukubaliana juu ya maji wala juu ya Kashmir, lakini zilikubaliana kwamba mwanamke ni wa taifa kabla hajawa wa nafsi yake.

Amrita alilijibu hilo kwa riwaya, Pinjar, ya mwaka 1950. Puro, msichana wa Kihindu, anatekwa na Rashid kwa sababu ya kisasi cha koo mbili. Anatoroka, anafika kwao usiku, na wazazi wake wanamfukuza, kwa kuwa ameshachafuka. Anarudi kwa aliyemteka kwa sababu hana pengine. Miaka inapita, nchi inagawanywa, na Puro huyohuyo anamsaidia wifi yake aliyetekwa kufika mikononi mwa ndugu zake. Safari hii mlango uko wazi. Yeye naye angeweza kuvuka. Anachagua kubaki. Nimewahi kusoma kurasa zile za mwisho nikakiweka kitabu chini kwa muda. Uamuzi wa Puro hautangazi msamaha, na mwandishi hamlazimishi msomaji aupende. Ni uamuzi wake, basi, na hilo ndilo mapatano ya serikali yalilokosa.

Kazi iliyofuata haikuwa na machozi mengi, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1966 Amrita na mwenzake, mchoraji Imroz, walianzisha jarida la kila mwezi, Nagmani, jina lenye maana ya kito cha nyoka. Waliliendesha miaka zaidi ya 30. Imroz alichora, Amrita alihariri, nyumba ikawa ofisi. Ndani yake Amrita aliwachapisha pia waandishi wa Kipunjabi wa Pakistan.

Kuna jambo hapa ambalo asiyejua Kipunjabi anaweza kulipita. Lugha ni moja, lakini maandishi ni mawili. Upande wa India huandikwa kwa Gurmukhi, kutoka kushoto kwenda kulia, hati iliyolelewa na Wasikh. Upande wa Pakistan huandikwa kwa Shahmukhi, hati ya Kiarabu iliyopitia Uajemi, kutoka kulia kwenda kushoto. Mpunjabi wa Amritsar na Mpunjabi wa Lahore, miji iliyo kilomita 50 hivi tu, pungufu ya safari ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, wakikaa kwenye kibaraza kimoja watazungumza hadi usiku. Mpe mmoja barua ya mwenzake, ataigeuza juu chini. Kizazi kilichosoma shule baada ya 1947 hakikuhitaji ukuta kutengana na jirani yake. Kilitenganishwa na ubao wa darasani.

Kwa hiyo shairi la Lahore haliwezi kuchapishwa Delhi kwa kunakiliwa tu. Mtu lazima akae chini na kulihamisha herufi kwa herufi. Shahmukhi haiandiki irabu fupi. Gurmukhi inaziandika zote, hivyo anayehamisha lazima aamue mshairi alikusudia sauti gani. Shahmukhi ina herufi kadhaa kwa sauti moja ya z, kwa sababu maneno ya Kiarabu yalikuja na tahajia zake. Gurmukhi ina moja tu, na historia ya neno inadondoka njiani. Ni kazi ya macho, ya taa na ya subira.

Sisi wa Kiswahili tunaifahamu kazi hiyo, tukitaka kukumbuka. Mwana Kupona binti Mshamu alimwandikia binti yake utendi katikati ya karne ya 19 kwa herufi za Kiarabu, hati ambayo katika uandishi wake wa zamani haikutenganisha b na p, wala u na o. Wengi wetu leo tunamsoma Mwana Kupona kwa sababu mtu fulani alikaa akaamua kila irabu kwa niaba yetu. Mimi niliyelelewa kwa a e i o u za Kilatini siwezi kuisoma hati yake bila mshika mkono, na lugha ni yangu. Ndiyo maana sioni uchapishaji ule wa Nagmani kuwa jambo dogo la kiufundi. Anayehamisha hati ya jirani anaifanya sauti yake isomeke na watu waliofundishwa kwamba hawezi kusomeka.

Na Kipunjabi si kigeni kabisa kwetu. Wengi wa vibarua 32,000 hivi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walitoka Punjab. Waliobaki wakawa mafundi, wafanyabiashara na wakandarasi wa Nairobi na Kisumu. Mwaka 1947 wapo miongoni mwa watoto wao waliolala kijiji cha babu kiko India ya Waingereza, wakaamka kiko nchi wasiyoweza kuiita yao.

Kati ya waandishi wa Pakistan walioshikamana na Amrita yuko Afzal Tauseef, aliyezaliwa wilaya ya Hoshiarpur, upande ambao leo ni India, na ambaye jamaa zake waliuawa katika machafuko ya 1947. Mtu mwenye msiba wa namna hiyo angeweza kuchukia kwa halali yake. Yeye aliandika kwa Kipunjabi, akapinga udikteta nchini mwake, akawa rafiki wa Amrita, naye Amrita akamwita binti wa kweli wa Punjab. Yuko pia Sara Shagufta, mshairi wa Kiurdu mzaliwa wa Gujranwala, aliyemwandikia Amrita barua ambazo mtu humwandikia dada yake tu. Alifariki Karachi mwaka 1984, akiwa hajafika miaka 30, baada ya maisha ya kunyanyaswa na ya ugonjwa wa akili. Amrita alimwandikia kitabu kizima. Sara hakuwa maarufu alipokufa; sehemu ya sababu ya jina lake kujulikana leo India na Pakistan ni kwamba mwanamke wa nchi nyingine alikataa barua zile ziishie kwenye droo.

Lakini aliyeujaribu urafiki huu kwa uzito wake wote ni Fahmida Riaz.

Fahmida alizaliwa Meerut, India, mwaka 1946, akalelewa Hyderabad ya Sindh, Pakistan. Ni Amrita aliyegeuzwa upande. Mwaka 1973 alitoa diwani ya Badan Dareeda, iliyozungumzia mwili na matamanio ya mwanamke kwa sauti ya mwanamke mwenyewe, na wakubwa wa fasihi ya Kiurdu wakashikwa na hasira. Julai 1977 Jenerali Zia-ul-Haq akapindua serikali. Mwaka 1979 zikaja sheria za Hudood, ambazo kwazo mwanamke aliyebakwa akashindwa kuthibitisha angeweza kujikuta ameshitakiwa yeye kwa zinaa. Fahmida alikuwa na jarida lake, Awaz, na hakunyamaza. Akafunguliwa kesi zaidi ya kumi, mojawapo ya uchochezi dhidi ya dola, na makosa ambayo adhabu yake ingeweza kufika kifo. Mumewe akafungwa. Yeye alikamatwa, akawekewa dhamana na mpenzi wa mashairi yake.

Mwaka 1981 alitoka nchini akiwa na watoto wake wawili wadogo na dada yake, kisingizio kikiwa mwaliko wa mushaira, majlisi ambamo washairi hughani mbele ya watu hadi alfajiri. Alifika Delhi. Mtu aliyemwendea Waziri Mkuu Indira Gandhi kumwombea hifadhi ni Amrita Pritam.

Hapa ningependa tutulie kidogo. Raia wa Pakistan anakimbilia India, nchi ambayo miaka kumi tu kabla ilikuwa vitani na yake. Katika macho ya watawala wa Islamabad hapakuwa na ushahidi bora zaidi wa uhaini. Katika macho ya watumishi wa usalama wa Delhi, kila Mpakistani aliye mlangoni ana jambo. Hakuna njia ya kawaida ambayo faili la mtu huyo lingesonga. Lilisonga kwa sababu mshairi mmoja alimjua mwenzake na akawa tayari kuweka jina lake juu ya lake, mbele ya mkuu wa nchi. Kwetu tunaita kumsimamia mtu. Kumsimamia mtu si kumsifu. Ukimsimamia, akiharibu umeharibu wewe.

Fahmida aliishi India karibu miaka saba. Chuo Kikuu cha Jamia Millia Islamia kilimpa nafasi ya mshairi wa chuo. Watoto walisoma shule za huko, mumewe akawafuata alipotoka jela. Naye, mshairi wa Kiurdu mzima, akajifunza kusoma Kihindi, yaani hati ya majirani: zile herufi ambazo kwazo lugha karibu ileile aliyoizungumza tangu utoto ilikuwa imefichwa asiione.

Huko Pakistan, wanawake aliowaacha walikuwa barabarani. Tarehe 12 Februari 1983 waliandamana Lahore kupinga muswada wa sheria ya ushahidi, ambao ungeufanya ushahidi wa wanawake wawili ulingane na wa mwanamume mmoja. Polisi wakawapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Siku hiyo leo ndiyo siku ya wanawake ya taifa la Pakistan. Kishwar Naheed, mzaliwa wa Bulandshahr nchini India aliyehamia Lahore akiwa mtoto, alitunga shairi lake juu ya wanawake wenye dhambi wasiotishika na makanzu ya wakubwa, na likasomwa pande zote za mpaka. Sidhani ni kwa bahati kwamba wanawake wengi wa kizazi hiki walizaliwa upande mmoja na kuzeekea mwingine. Mpaka haukuwa wazo kwao. Ulikuwa umepita katikati ya nyumba yao.

Desemba 1987 Fahmida alirudi kwao. Na hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo waandishi wa vitabu vya diplomasia ya utamaduni hawaipendi sana.

Nadharia ya kawaida inasema utamaduni hulainisha. Peleka ngoma, peleka wasanii, walete wacheze, watu watapendana. Mgeni aliyehifadhiwa miaka saba angetarajiwa basi kuiimbia India sifa mpaka mwisho wa maisha yake. Katika miaka ya 1990, siasa za udini zilipokuwa zikipanda India na waumini wa dini nyingine wakianza kuambiwa nchi si yao, Fahmida aliwatungia shairi. Aliwaambia: kumbe nanyi ni kama sisi tu, mlikuwa mmejificha wapi siku zote, ndugu? Ujinga ule ambao sisi tumegaagaa ndani yake umefika na mlangoni kwenu, hongereni. Alilighani shairi hilo India kwenyewe, mbele ya Wahindi. Wapo waliokasirika. Wapo walioshika vichwa, na mpaka leo, kila panapotokea mashambulizi ya kidini India, shairi hilo husambazwa tena na Wahindi wenyewe.

Kwa nini liliwezekana? Waziri wa mambo ya nje wa Pakistan angesema maneno yaleyale, ingekuwa propaganda, na msemaji wa Delhi angekuwa na jibu kabla ya chakula cha mchana. Jaji wa Ulaya angesema, angeambiwa akasafishe kwake kwanza. Fahmida alisema akiwa amekula chakula chao, watoto wake wamesoma shule zao, na akiwa amekwisha kuikosoa nchi yake kwa maneno makali zaidi, kwa gharama ya nyumba na usalama. Alikuwa na haki.

Sisi tunalo jina la haki hiyo. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaingia msibani kwako na kusema yale ambayo ndugu wa tumbo moja hawezi kuyasema: kwamba marehemu alikuwa mgomvi, kwamba mlimchelewesha hospitali. Humfukuzi. Huwezi, kwa sababu amekuja kuchimba kaburi, amebeba maji, na kesho msiba ukiwa kwake utakwenda wewe. Wageni hudhani utani ni mzaha. Ni mkataba wa mazishi, na mara nyingine ni mkataba wa watu waliowahi kuuana. Ninapomsoma Fahmida akiwakemea Wahindi, ndilo jambo ninaloliona. Amrita alimlilia Waris Shah, maana yake alihudhuria msiba wa upande wa pili. Fahmida naye alihudhuria wa Wahindi. Ndipo wakapata ruhusa ya kuambiana ukweli.

Serikali nazo zimejaribu ushairi. Februari 1999 Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, ambaye naye alikuwa mshairi, alivuka mpaka kwa basi la Delhi na Lahore na kumpelekea mwenyeji wake, Nawaz Sharif, albamu ya nyimbo za mashairi ya amani ya Ali Sardar Jafri. Ilikuwa ishara njema, na sina sababu ya kutilia shaka nia yake. Kufika Mei majeshi yalikuwa yakipigana kwenye vilele vya Kargil.

Machi 2000, vita hivyo vikiwa havijatimiza mwaka tangu vimalizike, basi jingine liliondoka Delhi kwenda Lahore likiwa limejaa wanawake peke yao, wakiongozwa na Nirmala Deshpande. Mei, wanawake wa Pakistan wakarudisha ziara, wakiongozwa na wakili Asma Jahangir. Hawakusaini mkataba wowote wa serikali. Mwaka huohuo Ajeet Cour, mwandishi wa Kipunjabi aliyezaliwa Lahore na kuishi Delhi, aliwakusanya Delhi waandishi wa nchi za Asia ya Kusini, mkutano ambao umeitishwa tena na tena tangu hapo. Ukiwauliza wataalamu ni nini hasa kilichopatikana, watakuambia viza ziliendelea kuwa za kuombea mji mmoja mmoja na mgeni aliendelea kuripoti polisi. Ni kweli. Wala sitadai kwamba mashairi yamezuia vita hata kimoja.

Ninachodai ni kwamba pale panapotajwa Wapakistani na Wahindi ambao hawajawahi kuacha kuzungumza, wanawake hawa watakuwa kwenye orodha. Na kwamba kazi yao ilikuwa kazi: kuhariri, kuhamisha hati, kujibu barua, kutafuta shule ya watoto wa mgeni, kwenda kwa mkubwa kuomba. Wanahistoria wanaohifadhi kila mkataba uliovunjika wangefanya vyema kuhifadhi na kazi hizi. Hata nyumba ya Hauz Khas, iliyokuwa ofisi ya Nagmani, ilibomolewa mwaka 2011.

Amrita alifariki Delhi tarehe 31 Oktoba 2005. Mji alikokulia, Lahore, ndio alikofia Fahmida tarehe 21 Novemba 2018. Na Meerut, alikozaliwa Fahmida, iko kilomita 70 hivi tu kutoka Delhi alikofia Amrita.

Tangu Agosti 2019 treni ya Samjhauta haijavuka mpaka, wala basi la Delhi na Lahore. Aprili 2025, baada ya watalii kuuawa Pahalgam, Kashmir, viza zilifutwa na lango la mpaka la Attari likafungwa. Mwanzoni mwa Mei, siku chache kabla ya makombora kuanza kuruka, India ilisimamisha kupokea barua na vifurushi vyote kutoka Pakistan, kwa ndege na kwa nchi kavu. Shuka la kaburi, likikunjwa na kufungwa kwa karatasi, ni kifurushi.